UZI: Jinsi ya kucheza Yahtzee kwa kompyuta, kwa wale wanadhani ni bahati tu

#1 Mwenye uzi (Kisumu)

Wasee wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na kwingine, hamjambo. Nimeona watu wengi wakiuliza venye huu mchezo wa dadu tano unachezwa na majibu wanayopata ni ya mstari mmoja, ati bonyeza dadu kisha jaza boksi, basi mtu anaingia anacheza anatoka na pointi 120 anasema ni mchezo wa bahati hauna akili. Mimi nauheshimu huu mchezo sana na nafanya kazi saiba, naona vijana wakicheza wakingojea fomu zao zitoke kwa printa, na kosa karibu wote wanalofanya ni moja: wanaangalia dadu, hawaangalii kadi ya pointi. Yahtzee inachezwa kwa kadi. Dadu zinakuletea tu mali, kadi ndio inakuambia hiyo mali uiweke wapi. Nitaandika ndefu kidogo, wenye haraka wavumilie.

Kwanza sheria. Dadu ni tano. Kila zamu una nafasi tatu za kurusha. Ya kwanza unarusha zote tano, ya pili unachagua zipi zikae na zipi zirushwe tena, ya tatu hivyo hivyo, na unaweza hata kurudisha ile ulikuwa umeshikilia. Ukitosheka mapema si lazima umalize tatu. Halafu LAZIMA ujaze boksi moja kwa kadi, hata kama hakuna kitu, unajaza sifuri. Boksi ni 13, kwa hivyo mchezo ni zamu 13, na boksi ikijazwa imejazwa, hairudi.

Kadi iko na sehemu mbili. Juu kuna boksi sita, za moja, mbili, tatu, nne, tano na sita. Ukiweka kwa boksi ya nne unahesabu nne peke yake, kama dadu zinasoma 4 4 4 1 6 unapata 12, hiyo 1 na 6 hazihesabiki. Ukifikisha 63 huko juu unaongezwa bonasi ya 35. Shika hiyo namba 63 ju nitairudia sana.

Chini kuna boksi saba. Tatu za aina moja na nne za aina moja, hizo unajumlisha dadu zote tano. Ful hausi, yaani tatu zinafanana na mbili zinafanana, ni 25. Streti ndogo, namba nne zinazofuatana, ni 30. Streti kubwa, tano zinafuatana, ni 40. Yahtzee yenyewe, zote tano sawa, ni 50. Na chansi, unajumlisha chochote ulicho nacho, haina masharti.

Ukijaza kila kitu kwa kiwango cha juu kabisa bila bonasi za Yahtzee za ziada utafika 375. Hakuna mtu anafika hapo kwa kucheza kawaida, usijisumbue. Watu wa hesabu walishatengeneza programu inayochagua hatua bora kila wakati, na hiyo programu ikicheza peke yake bila kushindana na mtu wastani wake ni karibu 254. Kwa hivyo mtu akikuambia yeye kila siku ni 300 na kitu, mwambie akuonyeshe akicheza. Ukiwa unazunguka 200 hadi 230 uko vizuri sana.

Kwa kompyuta: kama una lapi ya Linux kuna mchezo wa bure unaitwa Tali, uko kwa michezo ya GNOME, kwa Ubuntu unaandika sudo apt install tali unangoja kidogo iko. Unakupangia wapinzani wa kompyuta, wana majina yao, Wilber, Bill, Monica, na wengine. Kwa simu kuna matoleo mengi na karibu yote ya bure yanakurushia matangazo, zima data uone kama inakubali kucheza bila intaneti, mara nyingi inakubali.

Kitu kimoja cha kuchunga sana hapa. Kwa Tali unachagua dadu unazotaka KURUSHA. Kwa matoleo mengi ya simu unachagua zile unataka KUBAKI NAZO. Ni kinyume. Juzi kijana mmoja hapa alikuwa na 6 6 6 kwa rusho ya kwanza, amezoea simu, akabonyeza zile sita tatu akidhani anazifungia, akarusha, zikaenda zote akabaki na ile 2 na 3 zilizokuwa takataka. Soma maandishi ya chini ya skrini kwanza, yanakuambia uchague za kurusha.

Nitaendelea na mbinu nikipata nafasi, kuna watu wanangoja kuprinti.

#2 Mdau (Nakuru)

Asante ndugu, hii imeeleweka. Mimi niko hapa Section 58 na nimekuwa nikicheza kwa simu. Swali langu, nikianza mimi huwa nasema sawa leo zamu ya kwanza nawinda sita, ya pili tano, nashuka hivyo mpaka moja, halafu naenda chini. Lakini bonasi sijawahi kuiona hata siku moja. Nakosea wapi?

#3 Mwenye uzi (Kisumu)

Ndugu wa Nakuru umeuliza swali lenye ndio roho ya huu mchezo wote, wacha niliandikie polepole.

63 imetoka wapi? Ni tatu za kila namba. Tatu za moja ni 3, za mbili ni 6, za tatu 9, za nne 12, za tano 15, za sita 18. Jumlisha, 63 kamili. Kwa hivyo mchezo unakuambia nipe tatu tatu juu nikupe 35.

Sasa angalia hiyo njia yako. Umeamua kabla ya kurusha kwamba unawinda sita. Kila dadu ina nafasi tatu za kutoa sita. Nafasi ya kukosa mara moja ni 5 kwa 6, kukosa mara tatu mfululizo ni 125 kwa 216, kwa hivyo kupata ni 91 kwa 216, karibu asilimia 42. Dadu tano mara hiyo asilimia 42 inakupa wastani wa sita MBILI na kidogo, 2.1 hivi. Sio tatu. Ukiwinda namba uliyoipanga mapema kwa boksi zote sita wastani wako huko juu utakuwa karibu 44. Bonasi iko 63. Ndio maana hujawahi kuiona, na hungeiona kwa hiyo njia isipokuwa siku ya ajabu.

Dawa ni kutoamua mapema. Rusha kwanza, uone dadu zimeleta nini zenyewe. Zikija na mbili za tano kwa rusho ya kwanza wewe sasa umeanza na mbili tayari na bado una nafasi mbili za kurusha zile tatu, hapo tatu au nne zinapatikana mara nyingi. Zikija na mbili za nne, fuata nne. Mvuvi wa hapa Dunga hatoki asubuhi akiapa leo ni mbuta tu, ngege akiingia wavuni anamrudisha ziwani, hapana, anachukua kile ziwa limetoa. Namba gani inaenda boksi gani, hiyo utaamua baada ya kuona.

Na si lazima ziwe tatu kila mahali. Ukipata sita nne ni 24, umezidisha 6 juu ya kiwango. Hiyo 6 inakuruhusu kukosa dadu moja kwa boksi ya moja, moja kwa mbili na moja kwa tatu. Hesabu uone: 24 na 15 na 12 na 6 na 4 na 2 ni 63 barabara. Kwa hivyo ukibahatika nne za namba kubwa unapumua, huko chini kwa namba ndogo unaweza kuweka mbili mbili na bado bonasi ikaja.

Ndio maana mtu akiwa na 4 4 4 4 1 mapema kwa mchezo, mimi nasema weka kwa boksi ya nne upate 16, usikimbilie nne za aina moja. Najua chini ingekupa 17, inakaa ni kubwa. Lakini hiyo pointi moja unaionea raha ndio inakugharimu 35 baadaye. Hii watu huwa wanabishana na mimi sana na sijawahi kubadilisha msimamo.

#4 Mdau (Kakamega)

Mimi nasoma mambo ya kompyuta hapa Kakamega. Nakubaliana na kukosa kuamua mapema. Lakini kuna jambo moja watu hapa hostel wanasema, ati kompyuta inaiba. Ati ikiwa unahitaji tano inakupa kila kitu isipokuwa tano, na hao wapinzani wa mashine wanapewa streti kila saa. Mwenye uzi unasemaje?

#5 Mdau (Bungoma)

Hiyo ya kuiba ni kweli kabisa mimi nimeona na macho yangu, zamu nzima sipati hata sita moja. Zamu nzima! Kurusha mara tatu.

#6 Mwenye uzi (Kisumu)

Ndugu wa Bungoma naelewa inauma lakini wacha tuhesabu kabla ya kumshtaki mtu.

Rusha dadu tano mara moja. Nafasi ya kutoona sita hata moja ni tano kwa sita mara yenyewe mara tano, inakuja karibu asilimia 40. Yaani kwa kila rusho kumi za kwanza, nne hivi hazina sita hata moja, na hiyo ni dadu halali kabisa. Sasa zamu nzima, unarusha zote tano mara tatu na hakuna sita, hiyo ni asilimia 6 na nusu. Ndogo, lakini ukicheza michezo miwili ni zamu 26, kwa hivyo ukiwinda sita hivyo kila zamu jambo hilo kutokea mara moja au mbili ni kawaida. Wewe utakumbuka hiyo moja ilikuuma, zile zingine zilizokupa sita hutazikumbuka. Hata hao kina Wilber na Monica ukiwaandikia pointi zao kwa karatasi utaona wanajaza sifuri kama sisi.

Msomi wa Kakamega utanisaidia kueleza hii ingine, lakini kwa ufupi kompyuta haina dadu ndani, ina hesabu. Inaanza na namba fulani ya kuanzia, mara nyingi inachukuliwa kutoka kwa saa au kutoka kwa mfumo wa mashine yenyewe, inaipitisha kwa fomula inatoa namba nyingine, ile nyingine inapitishwa tena, hivyo hivyo. Ukiangalia matokeo hayana mpangilio unaoweza kuuona. Fomula haijui unahitaji tano, haioni kadi yako.

#7 Mdau (Kakamega)

Sawa niongezee hapo. Fomula moja maarufu sana inaitwa Mersenne Twister, ilitengenezwa 1997 na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, na ndiyo Python, lugha ya kuandika programu, hutumia kwa random yake. Mzunguko wake kabla ya kujirudia ni mrefu hadi hakuna mtu ataumaliza kwa kucheza dadu. Mwenye Python kwa mashine ajaribu hii:

import random
hesabu = [0] * 7
for i in range(600):
    hesabu[random.randint(1, 6)] += 1
print(hesabu[1:])

Inarusha dadu moja mara 600 inakuhesabia kila namba imetokea mara ngapi. Tarajia karibu 100 kila moja lakini usitarajie 100 kamili, ukiona 87 hapa na 113 pale hiyo ni kawaida, kwa mara 600 tofauti ya hadi 18 hivi juu au chini haina shida. Zikija zote 100 100 100 ndio ningeshuku mimi. Ukiona namba moja imefika 150 rudia tena, na ikirudi 150 tena na tena hapo ndio useme kuna ngori.

#8 Mdau (Bungoma)

Nimejaribu kwa lapi ya ndugu yangu. Imeleta 94, 108, 101, 89, 112, 96. Sawa nimenyamaza kuhusu kuiba. Endelea na mbinu.

#9 Mwenye uzi (Kisumu)

Vizuri sana, hivyo ndivyo mtu anafaa kufanya.

Mbinu. Nitachukua zamu moja moja kama zinavyokuja.

Zamu ya kwanza umerusha ukapata 2 2 5 6 6. Wengi hapa wanafunga 2 2 6 6 wanangoja ful hausi. Si ujinga, ukiwa na jozi mbili na nafasi mbili za kurusha dadu moja, kupata ful hausi ni 5 kwa 9, zaidi ya nusu. Lakini mimi kadi ikiwa tupu nashika 6 6 narusha tatu. Sababu ni kwamba 6 6 inanifungulia milango mingi, boksi ya sita, tatu za aina moja, nne za aina moja, Yahtzee, na hata ful hausi bado inaweza kuja njiani. 2 2 6 6 inanifungulia mlango mmoja. Mwisho wa mchezo, ful hausi ikiwa bado wazi na sita imeshajazwa, hapo nageuka nashika jozi zote mbili bila kufikiria mara mbili. Unaona sasa? Dadu ni zile zile, kadi ndio imebadilika.

Streti. Hapa watu wanapoteza pointi nyingi kwa kutotofautisha. 2 3 4 5 na unatafuta streti kubwa, inafungwa na 1 au 6, milango miwili. Kwa nafasi moja ni theluthi moja, kwa nafasi mbili ni 5 kwa 9. Lakini 1 2 3 4 inafungwa na 5 peke yake, ni 1 kwa 6 kwa nafasi moja, na 11 kwa 36 kwa nafasi mbili, kama asilimia 30. Vilevile 1 2 4 5 yenye shimo katikati, inataka 3 tu, na hiyo hata streti ndogo huna bado. Kwa hivyo ukianza na 1 3 4 5 usishikilie 1 kwa sababu tu inakaa karibu. Tupa hiyo 1, baki na 3 4 5, sasa 2 inakupa streti ndogo na 6 inakupa streti ndogo, na una dadu mbili za kuitafutia.

Kama streti ndogo imeshapatikana na kubwa iko wazi na bado una rusho, rusha ile dadu ya tano. Huna cha kupoteza, ile ndogo umeishika mkononi. Nimeona watu wana 2 3 4 5 5 kwa rusho ya kwanza wanajaza 30 haraka haraka na wana nafasi mbili bado. Hiyo inanisikitisha kabisa.

Kuwinda Yahtzee. Ukiamua tangu mwanzo wa zamu kwamba ni Yahtzee tu na ucheze vizuri, unaipata asilimia 4.6 hivi, karibu mara moja kwa kila zamu 22. Kwa rusho moja tupu ni 1 kwa 1,296. Ukiwa na tatu zinafanana na nafasi mbili ni asilimia 9 na kidogo. Ukiwa na nne na nafasi mbili ni asilimia 30. Kwa hivyo Yahtzee haiwindwi, inakujia ukifanya mambo mengine vizuri. Ukishika jozi kubwa kila mara, siku moja zinakuja zote.

#10 Mdau (Kisumu, Manyatta)

Kaka mimi shida yangu ni zile zamu mbaya. Nimerusha mara tatu nina 1 2 2 4 6. Naweka wapi? Mimi hukimbilia chansi.

#11 Mwenye uzi (Kisumu)

Dada yangu wa Manyatta, hili ndilo swali la pili kubwa baada ya lile la Nakuru. Chansi ukiitumia kwa 15 umeiuza bei rahisi. Dadu tano ukizirusha tu bila kuchagua wastani wake ni 17.5, na ukichagua vizuri chansi inaweza kukupa 22 na zaidi. Iweke kwa siku uliwinda 5 na 6 ukakosa umbo lakini namba ni kubwa.

Hiyo 1 2 2 4 6 kadi ikiwa bado changa mimi naweka kwa boksi ya moja nachukua pointi moja. Inakaa vibaya lakini fikiria, boksi ya moja hata ukiijaza vizuri na tatu ni 3 tu. Umepoteza 2. Unaweza kuzifidia 2 hizo na sita moja ya ziada na bado ubaki na akiba. Boksi ya mbili nayo ingekupa 4, pia si mbaya, lakini moja ndio pipa la kwanza la takataka.

Ikiwa moja imeshajazwa na mbili imeshajazwa na chansi imeenda, sasa lazima uue boksi, yaani uijaze sifuri. Ua ile yenye nafasi ndogo ya kuja kulingana na zamu zilizobaki. Mara nyingi ni nne za aina moja au Yahtzee. Zikiwa zimebaki zamu mbili au tatu, kuua Yahtzee kwa sifuri haliumi sana, ju nafasi yenyewe ilikuwa asilimia 4.6 kwa zamu. Lakini usiue streti kubwa mapema au boksi ya sita, hizo zinakuja.

#12 Mdau (Nakuru, Pipeline)

Mimi niulize tofauti. Hii kitu inalipa? Ju kuna ile ya dadu kwa simu unaweka hela, inakaa ni rahisi kuliko hii, huku kwetu vijana wengi wako nayo.

#13 Mwenye uzi (Kisumu)

Hapana, hii hailipi na haina pesa ndani, na ndugu yangu wa Pipeline nitakuambia bila kuzunguka kwa sababu nimeona vijana wa hapa Kondele wakimaliza pesa ya kodi huko. Hesabu ya ile ya pesa sio kama hii.

Chukua mchezo wa dadu wa kasino unaoitwa craps. Kuna bet moja huko ya kusema jumla ya dadu mbili itakuwa saba. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na saba inakuja kwa njia 6. Kwa haki ungelipwa 5 kwa kila 1 uliyoweka. Wao wanalipa 4. Sasa weka shilingi 100 mara 36, umetoa 3,600. Kwa wastani umeshinda mara 6, kila mara unapewa 400 na 100 yako inarudi, jumla 3,000. Zimeenda 600. Hakuna aliyekuibia dadu, dadu ni safi kabisa, wamepunguza tu malipo. Na hakuna mbinu ya kuzirusha itakayobadilisha hiyo hesabu, iwe unaanza na ndogo, iwe unazidisha mara mbili ukipoteza.

Kwa Yahtzee uamuzi wako ndio unakupandisha kutoka 150 hadi 220. Kwa ile ya pesa uamuzi wako wa maana ni mmoja tu, kuweka au kutoweka. Mimi naomba vijana wetu wajue hizi hesabu mapema, tena kwa mchezo wa bure.

#14 Mdau (Nakuru, Pipeline)

Nimesoma mara mbili. Hiyo ya 600 nitamwonyesha brathe yangu leo jioni.

#15 Mdau (Nakuru)

Mimi nimerudi, nimecheza venye ulisema, bila kuamua mapema. Nimepata bonasi! Juu 66. Jumla 231. Na kuna kitu kimetokea sikielewi, nilipata Yahtzee ya namba 3, nikaweka 50, halafu baadaye nikapata tena Yahtzee ya namba 4. Boksi ya nne nilikuwa nimejaza. Simu ikanikubalisha niweke kwa streti kubwa na ikanipa 40! Ni hitilafu?

#16 Mwenye uzi (Kisumu)

Hongera sana ndugu, 66 juu ni kazi safi.

Sio hitilafu, ni sheria. Yahtzee ya pili ukiwa tayari umeandika 50 kwa boksi yake unapewa bonasi ya 100, angalia vizuri kama ulipewa hiyo 100 kando ya 231, ju matoleo mengine huiweka pembeni kwa mstari wake na mengine hayana hiyo sheria kabisa. Halafu hiyo Yahtzee ya pili inatumika kama joker, yaani inasimama badala ya umbo lingine, kwa mpangilio huu: kama boksi ya juu ya hiyo namba iko wazi, lazima uiweke hapo. Yako ilikuwa ya namba 4 na boksi ya nne imejaa, kwa hivyo unaruhusiwa boksi yoyote iliyo wazi chini, na inalipwa kamili hata kama umbo halifanani, ful hausi 25, streti ndogo 30, streti kubwa 40. Ulichagua vizuri, streti kubwa ndio ngumu kupata.

Ila kumbuka, ile 100 inakuja tu kama boksi ya Yahtzee ina 50. Kama uliiua kwa sifuri huko nyuma, Yahtzee inayokuja baadaye haina bonasi. Ndio maana nilisema kuiua ni zamu za mwisho.

#17 Mdau (Bungoma)

Stima zimepotea huku, tunaweza kucheza bila mashine?

#18 Mwenye uzi (Kisumu)

Mnaweza kabisa. Mchezo wenyewe ulianza kwa dadu na karatasi, Edwin Lowe wa Marekani ndiye aliyeuuza kwa jina la Yahtzee mwaka 1956, kompyuta ilikuja nyuma. Tafuteni dadu tano, kama hamna, dadu moja ya Ludo irushwe mara tano na mtu aandike kila namba, inachelewesha lakini inafanya kazi. Chora mistari 13 kwa karatasi, juu sita, chini saba, weka nafasi ya bonasi katikati, kila mtu na safu yake. Mwenye kuandika asiwe ndiye anarusha zamu hiyo, na boksi itajwe kwa sauti kabla ya kuandikwa ili mtu asibadilishe.

Mtakaocheza leo wekeni pointi zenu za juu na za chini hapa kando kando, nitawaambia pointi zinavuja wapi.